Boriti za Kiwambani

Unga ulidondoka ndani ya kikombe cha chai cha Bi Bahiya, naye akaukoroga kwa kijiko kana kwamba ni sukari, akakipeleka kikombe mdomoni.

"Mama, usinywe!" Muzna alimpokonya. Juu ya chai lilielea vumbi la kahawia, laini kama mdalasini uliosagwa. Akainua uso kutazama dari. Boriti zilikuwa zimejipanga kama siku zote, nyeusi kwa uzee, kutoka ukuta hadi ukuta, zimebeba mawe na chokaa ya paa. Lakini ile ya katikati, iliyokuwa juu ya kitanda cha mama yake sawasawa, ilikuwa imeteremka tumbo. Mtu asiyeijua nyumba asingeona. Muzna aliona, na tangu asubuhi ile hakupata tena kukaa akatulia.

Nyumba yenyewe ilikuwa Kiponda, katikati ya Mji Mkongwe, kwenye kichochoro ambacho watu wawili wakikutana, mmoja hugeuka ubavu. Aliijenga babu yake Bi Bahiya, enzi ambazo watu wake walikuwa na mashamba ya karafuu huko Bumbwini. Mashamba yakenda, ndugu wakatawanyika, wengine Maskati, wengine Dar es Salaam. Ikabaki nyumba, na ndani yake mama mjane na binti yake aliyeachika, ambaye alikuwa akiuza katika duka la dawa Mkunazini. Zahor, kaka yake Muzna, alijenga Kiembe Samaki nyumba ya matofali na mabati, na kila Ijumaa alipokuja kusalimia alisema neno lile lile.

"Mama, hama."

Na kila Ijumaa mama yake akamjibu, "Nikihama mimi abaki nani? Nyumba haifi kwa mvua, Zahor. Hufa kwa kukosa mtu."

Hilo lilikuwa kweli, ndiyo maana hakuna aliyeweza kumshinda. Nyumba iliyokuwa nyuma yao, wenyewe waliihama, wakaifunga kwa kufuli kubwa, na haikupita miaka mingi ikawa gofu. Sasa mlikuwa na mipapai na paka.

Muzna akamwita Mbarouk, fundi mwashi, ambaye baba yake ndiye aliyekuwa akiziba nyufa za nyumba ile zamani. Mbarouk alipanda ngazi na msumari mrefu. Akauegemeza kwenye boriti ya katikati, akausukuma kwa kidole gumba tu, ukazama kama kisu katika muhogo uliochemka.  Akajaribu ya pili yake, akajaribu na nyingine. Akashuka, akajifuta mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Shikamoo, Bi Bahiya," alisema, ijapokuwa alikwisha kumwamkia mlangoni.

"Marahaba. Sema, usiogope."

"Nne zimekwisha. Ya katikati inashikiliwa na mazoea tu."

"Na masika?" Muzna aliuliza.

"Chokaa ikinywa maji huwa nzito maradufu. Mvua ya kwanza huenda ikavumilia. Baada ya hapo simwekei mtu dhamana."

Siku ile ile akaleta miti miwili ya mvinje, akaisimamisha chini ya boriti mbovu kuiegemeza. Bi Bahiya akashawishiwa kulala ukumbini. Akakubali kwa shingo upande, na kila mchana Muzna akiwa kazini, yeye akarudi chumbani mwake kupumzika juu ya kitanda chake kikubwa cha miti ya msaji, katikati ya nguzo mbili za mvinje kama mtu aliyepanga chumba msituni. Muzna alikuwa akimpigia simu kutoka dukani. Simu ikichelewa kupokelewa, vidole vyake vilikuwa vikikosea vidonge, mara mbili mteja mmoja akamrudishia dawa isiyo yake.

Kutafuta boriti kukawa kazi kuliko ubovu wenyewe. Sokoni Mwanakwerekwe walikuwa na mbao za msonobari kutoka bara, na mikaratusi, na mvinje. Boriti zilizokuwepo zilikuwa nyembamba na fupi, za kujengea banda la kuku.

"Tuweke zege basi," alisema Muzna.

"Kuta hizi ni mawe na udongo," Mbarouk akamjibu. "Ukizitwisha zege zitafunguka. Na mbao za msonobari mchwa wa hapa watazila kabla hujamaliza kulipaka ukuta chokaa. Nyumba hii ilijengwa kwa mikoko, inataka mikoko. Na hiki chumba ni kipana, babu yenu alijivunia. Kinataka dhiraa nane."

"Mikoko si ipo ghuba ya Chwaka?"

"Ilikuwepo. Imekatwa kwa kuni za kuchomea chokaa, imekatwa kwa kujengea, imekatwa mpaka pengine pamebaki upara. Sasa vijiji vimeamka. Wameugawa msitu mapande. Pande moja likikatwa, mengine yanapumzishwa, na hukati ila kamati ya kijiji ikupe ruhusa. Mti mrefu hawautoi kabisa."  Kisha, akiwa anatazama kichochoro na si uso wa Muzna, akaongeza, "Yuko kijana mmoja Kiwambani. Kheir. Yeye hapitii kwenye kamati."

Muzna hakuuliza kwa nini hapitii. Juu ya vichwa vyao alisikia mama yake akivuta viatu, akielekea chumbani.

"Mpigie," alisema.

Sauti ya Kheir kwenye simu ilikuwa changa na yenye kicheko. "Dhiraa nane? Zipo, Bi Muzna. Zimebaki mahali pamoja tu. Lakini njoo uzione kwa macho yako, nsije nkakata ukanambia fupi."

Wakenda Jumamosi, yeye na Mbarouk, kwa Vespa ya Mbarouk. Muzna alimwacha mama yake mikononi mwa Khairat, jirani wa mlango wa pili, mama wa makamo mwenye wajukuu tele. "Usiniache nikamkuta chumbani," Muzna alimwambia.

"Mama yako nani wa kumtoa? Polisi?" Khairat akacheka. Alipomwona Muzna hacheki, akamshika mkono. "Nenda. Ntamwangalia."

Kiwambani ni kijiji kidogo ng'ambo ya Chwaka, kimejikunyata ukingoni mwa ghuba. Walipofika bahari ilikuwa imekupwa, tope limelala wazi mpaka macho yanapoishia. Kheir aliwapokea kwenye shamba la minazi. Minazi yenyewe ilikuwa imesimama bila vichwa, kama nguzo za umeme zilizokatwa nyaya.

"Imepatwa na nini?" Muzna aliuliza.

"Maji ya chumvi. Yanaingia siku hizi." Kheir alisema kama mtu anayezungumzia wageni. Alikuwa kijana mwembamba, mchangamfu, na mapajani suruali yake ilikuwa na tope kavu.

Mbele, pale palipokuwa na visiki tu vilivyotokeza kwenye tope kama meno ya mzee, wanawake walikuwa wameinama wakipanda. Kila mmoja alikuwa na ndoo ya mbegu za mikoko, zile ndefu za kijani mfano wa maharage makubwa, wakizichomeka moja moja. Mmoja akajinyoosha, akakinga jua kwa mkono wenye tope, akawajia.

"Karibuni. Mmekuja kutembea?"

Kheir akawahi. "Wageni wangu hawa, Mama Thuwaiba. Wanataka kaa."

"Kaa!" Mwanamke akatabasamu. "Kaa nao wamekuwa adimu. Wanakaa mikokoni, na mikoko ndiyo hiyo mnayoiona." Alikuwa mtu mzima, mkavu, mwenye sauti ya kuamrisha bila kupaza. Akawaketisha kwenye kivuli cha banda, akampa Muzna maji katika kikombe cha bati. Muzna alikuwa na kiu, akanywa yote. Ndipo Thuwaiba akamwambia kwamba maji yale yanaletwa kwa baiskeli kutoka mbali. Kisima chao kimeingia chumvi, na bonde lao la mpunga limekuwa jeupe. "Tulikata wenyewe, na wa mjini wakaja wakakata. Sasa tunapanda. Inachukua umri wa mtu."

Muzna alikishika kikombe kitupu hajui akiweke wapi.

Kheir akawapitisha kwenye njia ya tope mpaka penye mlango wa mto. Hapo hewa ikabadilika. Mikoko ilikuwa imesimama mirefu, mizizi yake imejipinda hewani kuliko kimo cha mtu, na vigogo vimenyooka kwenda juu bila fundo. Muzna aliweka kiganja juu ya mmoja. Ulikuwa baridi, mnyofu. Akauona pale pale ukiwa umelala kutoka ukuta hadi ukuta, na mama yake chini yake akisinzia salama. Moyo wake ukaupenda mti ule kwa tamaa ambayo hakuwahi kuwa nayo kwa kitu cha mtu.

Mbarouk akapima kwa macho, akatikisa kichwa polepole. "Ndiyo hizi," alisema, lakini hakuonyesha furaha.

Chini ya miguu yao mbegu za kijani zilikuwa zimetapakaa topeni.

"Wale wanawake mbegu wanaokota hapa?" Muzna aliuliza.

"Hapa tu. Kwengine hamna miti ya kuzaa." Kheir alikuwa akigonga vigogo kwa ubapa wa panga. "Kesho maji ya bamvua, bahari inajaa kupita kawaida, chombo kitaingia mpaka hapa. Tunakata, tunapakia, wao wataona visiki."

"Na bahari ikija, nyuma ya hii miti pana nini?"

"Kijiji." Akainua mabega. "Bahari ya Mungu, Bi Muzna. Usipochukua wewe atachukua mwengine. Yuko mtu anajenga hoteli, anaitaka yote."

Muzna akatazama juu. Majani yalikuwa yakipishana, na katikati yake palikuwa na kipande cha mbingu ambacho upande wa magharibi, upande wa mjini, kilikuwa kimeanza kuwa kizito.

"Sitaki," alisema.

"Nini?"

"Nasema sitaki, Kheir. Usikate kwa ajili yangu."

Kile kicheko kikampotea kijana. "Na mama yako je? Fundi kanambia analala chini ya dari inayoanguka."

 Muzna akashika mzizi. "Sitaki," akarudia, na sauti ilitoka ndogo kama ya mtoto anayekataa dawa.

"Haya. Basi ntampigia wa hoteli." Kheir akarudisha panga kwenye ala, akaondoka bila kuaga.

Walirudi kwa njia ile ile. Mbarouk akasema, "Umefanya uliloona," na Muzna hakujua kama anasifiwa au analaumiwa. Kadiri walivyokaribia pale penye wanawake ndivyo alivyozidi kuona kwamba kukataa kwake hakukuokoa kitu. Miti itakatwa, na boriti hana. Amekosa yote mawili. Akamwambia Mbarouk amsubiri, akavua viatu, akaingia topeni mpaka alipokuwa Thuwaiba.

"Bi Thuwaiba, sikuja kwa kaa."

Akamwambia yote, akiwa amesimama, tope limemfika kwenye vifundo. Wanawake wengine wakaacha kupanda. Thuwaiba alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaiweka ndoo chini na mikono ikabaki ikining'inia.

"Kheir ni mtoto wa marehemu dada yangu," alisema. "Ziwa langu amenyonya."

Muzna aliinamisha macho kwenye viatu alivyovishika mkononi.

"Na wewe ukanywa maji yangu ukanyamaza." Macho ya Thuwaiba yalikuwa makavu. "Nyinyi watu wa mjini mnazipenda nyumba zenu za zamani. Watu wanakuja kutoka ulaya kuzipiga picha. Hakuna anayeuliza zimeezekwa kwa kitu gani. Sisi huku tunajenga kwa matofali ili miti ipumzike, na bado mnaijia."

"Mama yangu yuko chini ya hiyo dari," Muzna alisema. "Nliogopa. Bado naogopa."

 Thuwaiba akawageukia wenzake, akawatuma wawili waende kwenye mlango wa mto wakae huko, na mmoja akamwite Mzee Mkadam, mwenyekiti wa kamati. "Na wewe usiondoke," akamwambia Muzna. "Umekuja kutaka boriti. Hapa kwetu boriti huombwa."

Kamati ikakutana kwenye baraza ya madrasa. Mzee Mkadam alitaka kwanza ajue Kheir yuko wapi. Hakuna aliyejua. Mwengine akasema watu wa mjini wasipewe hata fito. Mwengine akasema mbona pande la kaskazini limefika zamu yake, kwa nini mtu aliyekuja kusema kweli asiuziwe kama wengine. Wakabishana. Muzna aliwasikia kwa sikio moja. Lile jengine alikuwa nalo kwenye simu. Kwa mama yake iliita mpaka ikakatika. Kwa Khairat haikuwa hewani. Matone ya kwanza yakapiga mabati ya madrasa, makubwa, mbalimbali, halafu yakaungana yakawa ngurumo moja na mtu hakusikia tena maneno ya mwenzake.

"Mbarouk, twende," Muzna alisema.

"Hawajaamua."

"Twende!"

Njia nzima mvua iliwachapa usoni. Barabara ya Chwaka ilikuwa ikitiririka maji mekundu pembeni, na Vespa ikikohoa kila walipopita dimbwi. Muzna alikuwa akisoma kila sura aliyoijua, akikosea, akianza upya. Alikuwa akijiambia kwamba Mbarouk alisema mvua ya kwanza huenda ikavumilia. Alisema huenda. Alipokuwa akiiegemeza miti ya mvinje alisema huenda pia.

Kichochoroni Kiponda palikuwa na watu. Walikuwa wamesimama mvuani wakitazama juu, na dirisha la chumba cha mama yake lilikuwa likitoa vumbi jeupe lililokuwa likigeuka tope ukutani. Muzna aliruka kabla Vespa haijasimama. Mlangoni mtu akamshika kiuno, asiingie.

"Yuko kwangu!" Khairat alikuwa akipiga kelele kutoka mlango wa pili. "Muzna! Mama yako yuko kwangu!"

Bi Bahiya alikuwa ameketi juu ya mkeka wa Khairat, mtoto mdogo mapajani, Msahafu mbele yake. Khairat, aliposhindwa kumtoa chumbani kwa hoja, alikuwa amemwendea na kumwambia kwamba mjukuu ana homa, aje amsomee. Mtoto hakuwa na homa yoyote. Bi Bahiya alikuwa katikati ya Yasini aliposikia nyumba yake ikianguka upande wa pili wa ukuta. Akaimaliza sura.

"Kitanda changu," alisema alipomwona Muzna. 

Nusu ya dari ilikuwa chini. Miti ya mvinje ilikuwa imesimama, lakini boriti zilikuwa zimekatika pembeni yake kama mkate. Kitanda cha msaji kilikuwa kimevunjika mgongo, na juu ya mto palikuwa na jiwe ambalo Muzna na Mbarouk walilishika pamoja ndipo likasogea.

Zahor alipokuja jioni na gari, amejiandaa kwa mabishano, mama yake akasimama mwenyewe akajifunga buibui. "Twende," alisema. Muzna aliona jambo hilo likimtisha kuliko jiwe la kwenye mto.

Na haikuwa bure. Huko Kiembe Samaki Bi Bahiya alipewa chumba kizuri chenye feni, naye akakaa kwenye ukingo wa kitanda kama abiria. Hakugombana na mtu. Chakula alikigusa akasema nshashiba. Mkewe Zahor, Basma, ambaye miaka yote alikuwa akiogopa ulimi wa mama mkwe wake, alimvuta Muzna jikoni akamnong'oneza, "Wallahi bora angenitukana." Ndege zilipokuwa zikipita juu kwenda kutua, bibi alikuwa akiinua uso kutazama dari mpaka sauti ipotee.

Thuwaiba ndiye aliyepiga simu. Muzna alikuwa hata hajajua kama kamati ilimaliza kikao.

"Wamekupa," alisema. "Pande la kaskazini, miti iliyofika kimo chake, na tutaichagua sisi. Lakini dhiraa nane usahau. Sita, pengine hata hazifiki. Na utakuja kupanda, kila anayechukua hupanda."

"Na ile mirefu?"

 "Wakataji walikuja na mvua, tulipowaondoa walinzi wasipigwe na radi. Mitatu imeanguka. Chombo kikakimbia, magogo wakayaacha. Sasa tunalinda zamu kwa zamu."

"Kheir?"

"Yuko Bububu, wananambia. Hapokei simu yangu."

Magogo matatu, marefu, yamekwisha kukatwa, yamelala topeni. Muzna alitaka kuuliza. Neno lilifika kwenye meno, akalimeza. Baadaye alisikia kwamba kamati iliyafanya daraja la kuvukia mto, ili asiyauze mtu wala asiyanunue mtu.

Mbarouk alikuna kichwa juu ya dhiraa sita. Mwisho akasema chumba kitafuata miti. Walipandisha ukuta mwengine kutoka chini, ukapita ukumbi wa chini mpaka juu, chumba cha Bi Bahiya kikawa chembamba kama vyumba vya watu wengine, na nyuma ya ukuta mpya pakabaki ujia wa kuwekea majamvi. Walifanya kazi chini ya turubai, kila mvua ikija wanaacha. Muzna hakuwa akilala vizuri. Aliota boriti mpya nazo zikipinda tumbo, akaamka akihesabu fedha alizobakisha, akaona afadhali ya ndoto.

Masika yalipopungua akamrudisha mama yake. Bi Bahiya alipanda ngazi taratibu, akashika kizingiti, akaangalia.

"Kimekuwa kidogo."

"Miti imekuwa mifupi, Mama."

Bi Bahiya akaingia, akagusa ukuta mpya ambao chokaa yake ilikuwa bado baridi. Muzna alisimama mlangoni.

"Babu angecheka," alisema bibi. Halafu, "Na mimi nshakuwa mdogo. Tutatoshana." Akauliza mbona mchana ule hakuna harufu ya chakula katika nyumba hii, au watu wamehamia hotelini. Muzna alikwenda jikoni, akafungua bomba la maji ili asisikike akilia.

Alikwenda Kiwambani kupanda kama alivyotakiwa. Thuwaiba alimpa ndoo na safu yake. Hakumwonyesha urafiki mkubwa, lakini alimkosoa kila alipochomeka mbegu kichwa chini, na walipopumzika alimmiminia maji katika kikombe kile cha bati.

"Zitaota zote?" Muzna aliuliza.

"Nyingi hufa. Kaa wanazila, mawimbi yanazing'oa." Thuwaiba alikuwa akitazama upande wa mlango wa mto, ambako wanawake wawili walikuwa wamekaa zamu. "Nahofia zaidi bamvua ijayo. Kheir anapajua."

Aliporudi mjini siku ile, tope bado lipo kwenye kucha, Khairat alimwita kutoka mlangoni mwake. Alikuwa hana kile kicheko chake.

"Muzna, hebu njoo uangalie."

Akampandisha juu. Chumba cha Khairat kilikuwa kipana kama kilivyokuwa cha Bi Bahiya, nyumba mbili zile zilijengwa na fundi mmoja. Magodoro ya watoto yalikuwa yametandikwa sakafuni, katikati ya chumba. Katikati ya dari boriti mbili zilikuwa zimeteremka, na kati yake palikuwa na ufa ambao mkono wa mtoto ungeingia.

"Tangu lini?"

"Tangu kwenu kulipoanguka. Nlikuwa naona haya kukwambia, una yako." Khairat akashusha sauti. "Mbarouk kanambia yuko kijana anazo ndefu. Unayo nambari yake. Nipe."

Muzna alikuwa nayo. Hakuwahi kuifuta. Mbele yake alisimama mwanamke aliyemtoa mama yake chini ya jiwe lile kwa uongo wa homa, na hakumdai hata ahsante.

"Ntakupa ya kamati," alisema. "Ntakwenda nawe mwenyewe. Wao wanatoa fupi, unapandisha ukuta kama..."

"Kama wewe." Khairat hakukasirika, na ingekuwa afadhali angekasirika. "Chumba chako analala mtu mmoja, Muzna. Hapa wanalala watoto wote hawa. Nikipunguza chumba, nimpunguze nani?"

Chini mtoto mmoja alikuwa akimwita bibi yake, na bibi akaitika "Naam!" bila kuondoa macho kwa Muzna.

Muzna akatoa simu. Kidole chake kilisimama juu ya majina, la Kheir likiwa juu ya la Thuwaiba, karibu kuliko alivyopenda. Akapiga la chini. Iliita sana, akadhani haitapokelewa.

"Bi Thuwaiba, ni Muzna. Nina jirani yangu hapa. Ana watoto, na dari yake imeanza kuteremka."

Alisikia pumzi upande wa pili, na sauti ya wanawake wakiitana mbali.

"Anataka ndefu?"

"Anataka ndefu."

"Mlete," alisema Thuwaiba. "Sijui kama tutampa. Lakini mlete aje azione mwenyewe, na aje bahari ikiwa imekupwa, avione na visiki."

Muzna akamtazama Khairat, ambaye alikuwa amesikia yote. Khairat aliinama, akaanza kuyavuta magodoro ya watoto kuyatoa katikati ya chumba, na Muzna akaweka simu mfukoni akashika upande wa pili.